Mwenye Panya

Tulimzika Mama Kabula mwezi uliopita pale Shinyanga, mchana wa jua lisilo na adabu, na nilipokuwa nimekaa mkekani na akina mama wenzangu nikisubiri chai, binti mmoja wa ukoo wa marehemu akaniuliza kama ni kweli niliwahi kupanga kwao. Nikamwambia ni kweli, mwaka mmoja tu. Akasema, "Mwaka upi, shangazi? Ule wa panya?" Mama mmoja akamfinya pajani, yule binti akainamisha kichwa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele. Katika familia ile mwaka huo hausemwi. Ukiutaja, mtu anakumbuka amesahau kitu jikoni. Lakini mimi si wa ukoo wao. Nimestaafu, magoti yananiuma, na aliyekuwa akinizuia kuusema kwa kunitazama tu ndiye huyo tuliyemfukia. Basi nitausema, na kama kuna wa kukasirika, akasirike akiwa ameketi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ufundi wa maabara, kiburi kingi na jozi moja ya viatu, nikapangiwa kazi kwenye maabara ndogo ya mifugo pembezoni mwa mji. Haipo tena, na jina lake halina faida. Ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa cha darubini na karatasi, cha kati cha kupasulia, na cha nyuma, kilichokuwa zamani stoo ya ngozi za ng'ombe, tulikifanya chumba cha wanyama. Chumvi ya zile ngozi ilikuwa imeingia ukutani ikakataa kutoka. Masika yakianza, kuta zilitoa jasho, na ukiegemea ulitoka na bega jeupe. Nilikichukia chumba kile tangu siku ya kwanza, kabla hakijanipa sababu.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Daktari Luhende, daktari wa mifugo, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuongelea shambani hata akiwa ofisini. Kwa kuwa nilikuwa sina pa kukaa, yeye na mkewe walinipangisha chumba kilichopakana na sebule yao. Ukuta wa kati haukufika kwenye paa. Mafundi wa kwetu walikuwa na desturi ya kuamini kwamba siri za watu hazipandi juu, basi mimi nililala na kuamka na mazungumzo ya watu wawili niliowaheshimu, nikijikohoza mara kwa mara ili wajue nipo. Mama Kabula alikuwa mtu wa Kahama mjini, wa familia ya Kiislamu ya wafanyabiashara ambao babu zao walikuja na misafara kutoka pwani wakaoa hapahapa. Alimsilimisha Daktari kwa ajili ya ndoa, na alipenda kututania kwamba mumewe alisilimu kuanzia shingoni kwenda juu tu, kifua bado kiko kwa mababu. Daktari alikuwa akicheka sana kwa utani huo. Baadaye nilikuja kutamani asingeucheka.

Mezani kwao ndiko nilikojifunza ugonjwa wa sukari, zaidi ya chuoni. Kilikuwa chakula cha kawaida cha nyumba za kwetu, ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando, na asubuhi michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na maharage. Lakini kabla ya Daktari kunawa, Mama Kabula alikwenda kwenye mtungi wa maji uliokuwa kwenye kona yenye ubaridi, akatoa kopo lililokuwa likielea humo ndani, na kutoka kwenye kopo akatoa kichupa cha dawa. Jokofu walikuwa nalo, ila umeme wa siku zile ulikuja kama mgeni asiyependa wenyeji wake. Daktari alifunua shati, akajidunga tumboni, akashusha shati na kusema "karibuni", kisha tukala. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka. Siku moja, sindano ikiwa bado mkononi, aliniambia, "Minza, nimechoka kutobolewa kama gunia la mpunga sokoni." Alisema akitabasamu, lakini mkewe hakutabasamu.

Habari za mganga mmoja zilikuja na jamaa yake Daktari aliyekuwa akifanya kazi kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, huko Geita. Alisema yuko mwanamke, Nkwimba jina lake, anayetoa dawa ya mizizi, na watu wenye sukari wanainywa na kurudi kwenye maduara kuvuta kamba. Daktari hakuwa mtu wa kumeza maneno bila kutafuna. Alisema dawa kama ipo ipimwe, na itapimwa kwa panya, kwa utaratibu, kama inavyopimwa dawa yoyote ya mzungu. Alipata kibali, panya weupe wakaagizwa, nasi tukachukua Landrova ya ofisi tukapita Kahama kuelekea Geita. Mama Kabula alitufungia chapati na mayai. Alipompa mumewe kile kifurushi alimwambia, "Ulete mizizi, Baba Kabula. Usilete kingine."

Nkwimba alikuwa akiishi Kalangalala, palepale Geita, kwenye nyumba ya bati jipya yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma na redio kubwa kuliko ya Daktari. Nilitegemea bibi kizee. Nikakuta mwanamke wa umri wa makamo, mnene, mwenye bangili ya dhahabu iliyombana mkono, na macho yaliyokupima uzito kabla hujaketi. Kwenye benchi la nje walijaa wachimbaji wenye tope masikioni waliotaka dawa ya kuona mawe mazuri, na mabroka wenye viatu vya kung'aa waliotaka dawa ya kuwaona wachimbaji wajinga. Alitukaribisha kwa Kisukuma, "Mwangaluka," tukaitikia, tukaulizana hali mpaka ikaisha. Kisha Daktari akaeleza shida yake, kwamba tutachukua panya, tutawatia ugonjwa wa sukari kwa kemikali inayoharibu kongosho, halafu tutawapa dawa yake tuone.

"Mtawatia ugonjwa?" akauliza Nkwimba.

"Ndiyo, mama."

"Walio wazima?"

"Walio wazima."

Akanitazama mimi, kana kwamba labda mwanamke mwenzake angekanusha. Sikukanusha. "Na panya hao ni wa nani?"

"Ni wa serikali," akasema Daktari.

"Serikali inaumwa sukari?"

Daktari alicheka mpaka akafuta macho. Nkwimba hakucheka. Asiyejua mambo ya kwetu nitamweleza kwa kifupi. Mganga wa Kisukuma, tunamwita nfumu, anapotafuta chanzo cha ugonjwa hupasua kifaranga. Mgonjwa hutema mate kwenye kijiti, kijiti hutiwa mdomoni mwa kifaranga, na kuanzia hapo kifaranga yule anabeba habari za mtu yule na si za mwingine. Nfumu akimpasua husoma ndani, jibu jeupe ni zuri, jibu jeusi ni baya. Kwa hiyo kwa Nkwimba sisi hatukuwa watu wa ajabu kwa sababu ya kupasua wanyama ili tujue jambo. Kazi hiyo aliifanya yeye mwenyewe kila wiki. Kilichomshangaza ni kwamba tulitaka kupasua wanyama wasio na mtu. "Mnyama asiye na mate ya mtu hafunguliwi," alisema. "Ukimfungua jibu linatoka, lakini halina kwao. Litazunguka mpaka lipate wa kumkalia. Mizizi yangu haiendi kwenye jambo hilo."

Tulibishana naye mpaka chai ikapoa. Mwishowe Daktari, ambaye hakuwa tayari kurudi mikono mitupu, akasema, "Haya mama, lete hicho kijiti. Panya ni wangu. Mimi ndiye mgonjwa wa sukari hapa." Akatema mate, huku akinikonyeza. Nkwimba alikipokea kijiti kwa mikono miwili, akakifunga kwenye kitambaa, akasema tukiloweke katika maji ya kwanza ambayo panya watakunywa. Akaongeza sharti moja, kwamba siku ya kuwafungua yeye awepo. Kisha akatupa mizizi, gunia zima, bila ubahili wowote. Tulipokuwa njiani Daktari alisema kile kijiti tutakitupa darajani. Madaraja tulivuka mengi. Siku panya walipoanza kazi nilimwona, akidhani nimezama kwenye kusafisha vizimba, akifungua kile kitambaa na kukitumbukiza kijiti kwenye pipa la maji taratibu, kwa mkono wa kulia.

Panya tuliwapanga katika safu tatu. Safu ya kwanza walipewa maji matupu, ya pili dawa ya Nkwimba, ya tatu walidungwa ile ile dawa ya sindano aliyojidunga Daktari, ili tulinganishe. Mizizi niliichemsha mimi. Ilitoa maji ya rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, na harufu ya gome bichi pamoja na kitu kingine kama nywele zilizoungua, harufu iliyonifuata mpaka kwenye mto wangu. Ilipofika wakati wa matokeo, sikuhitaji hata kupima. Sisimizi walinitangulia. Chini ya vizimba vya maji matupu walipanga foleni kwenye mkojo, kwa sababu mkojo ule ulikuwa na sukari. Chini ya vizimba vya sindano hawakuwepo. Na baada ya muda, chini ya vizimba vya dawa nako wakaanza kupungua, mpaka asubuhi moja sakafu ikawa tupu kabisa. Nilichukua damu mkiani, nikapima, nikarudia. Sukari ilikuwa imeshuka. Nilimwita Daktari kwa kelele za furaha, naye akaja akachuchumaa mbele ya sakafu ile tupu, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilitegemea aniambie turudie vipimo. Alichosema ni, "Mungu mkubwa."

Usiku ule mezani kopo lilitolewa mtungini kama kawaida, likawekwa, na Daktari akanawa mikono bila kuligusa. "Umesahau, Baba Kabula," mkewe akamwambia. Akajibu, "Sijasahau." Akala. Akaomba na chai, akatia sukari, akakoroga huku akitutazama mmoja mmoja. Baadaye nikiwa kitandani nilisikia kupitia juu ya ukuta.

"Hao ni panya, mume wangu."

"Ni panya wangu."

"Ulisema mlifanya utani."

"Nilitema mate, Zuhura. Niliuliza, nimejibiwa."

Sikujikohoza usiku ule. Nililala nikitazama paa. Kesho yake kazini nilimwambia kwa adabu zote kwamba bado hatujawafungua, hatujui dawa inafanya nini ndani, na kwamba panya hawa tuliwaharibu kongosho kwa kiasi tu ilhali yeye ugonjwa wake ni wa miaka. Aliniambia, "Sukari imeshuka, Minza. Unataka ikuandikie barua?" Alikuwa ameanza kuinywa mwenyewe, kwenye kikombe cha bati, kutoka kwenye sufuria ile ile. Na mimi, niliyekuwa nikimwona kama mnara wa elimu, nilianza siku ile kumwogopea kama mtu anavyomwogopea mtoto anayetembea juu ya ukuta.

Mambo yalikwenda polepole, na hilo ndilo lilikuwa baya. Kama angeanguka wiki ile ile, tungemwokota. Badala yake alianza kupungua kidogo kidogo, akawa anatoboa mkanda wake kwa msumari, akisifia wepesi wa mwili. Jagi la maji lililokuwa la watu wote likawa lake. Habari zilitoka nje, sijui kwa mlango gani, na chupa tupu za soda zikaanza kubisha hodi asubuhi zijazwe dawa, zimetumwa na huyu na yule mwenye mgonjwa, hata mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alimtuma mtumishi wake. Mama Kabula aliwarudisha wote mlangoni kwa maneno matamu. Lakini kuna jambo alilolificha hata kwangu, mpaka siku nilipoamka mapema nikamkuta bafuni amepiga magoti, akimwaga majivu ya moto sakafuni. Walikuwa sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye ufa wa ukuta mpaka pale mumewe alipokojolea, weusi, wengi, wenye haraka. Alikuwa akiwaua kila asubuhi kabla ya watu kuamka. Aliniangalia akasema, "Kule kwenye panya wake wameondoka. Wamehamia hapa." Nilichukua kata ya maji nikamsaidia kuosha.

Niliwaza sana, na bado nawaza, jinsi mtu yule alivyogawanyika. Wapo wanaosema ni ujinga wa mila. Si kweli, maana watu wa mila ninaowafahamu wangekunywa dawa, wangeona haifai, wangekwenda kwa mganga mwingine na hospitali pia, yote wiki moja. Wapo wanaosema ni kiburi cha elimu, nalo si kweli lote. Nadhani aliyachanganya mawili yasiyochanganyika. Msomi ndani yake aliona panya wamepona akaamini. Mtoto wa Kisukuma ndani yake alikumbuka mate yake akaamini kwamba waliopona si panya, ni yeye. Kila mmoja peke yake angemwacha salama. Walipokubaliana ndipo mambo yalipoharibika.

Kisha panya wa dawa wakaanza kubadilika. Sukari ilibaki chini, lakini manyoya yalisimama, na niliponyoosha mkono kizimbani hawakukimbia. Walikaa wakinitazama. Daktari alisema ni wakati wa kuwafungua, akampelekea habari Nkwimba, naye akaja, akafikia kwa ndugu zake Ndala, mtaa wa pale mjini, akaingia maabara siku ya siku na kitenge kipya na mkoba mkononi, kama mtu aliyekuja kwenye kikao. Mimi ndiye niliyepasua. Tulianza na wa maji matupu, ini lao lilikuwa la kawaida. Nikafungua wa kwanza wa dawa, nikaona ini lenye madoa ya njano, laini, mithili ya kitu kilichopikwa nusu. Nikafungua wa pili. Madoa. Nikaendelea mpaka meza ikajaa, na kila moja lilikuwa hivyo. Kuta za chumvi zilikuwa zikitoa jasho, tone moja moja. Nkwimba aliinama juu ya ile meza, akatazama kwa makini kabisa, na bila kuitetea mizizi yake hata kidogo akasema, "Jibu jeusi."

Daktari alivua glavu kidole kimoja kimoja. Akaenda kwenye sufuria ya dawa, akaimwaga nje, akaisuuza. Niliona moyo wangu umeshuka mahali pake, nikajua basi, ameelewa, yameisha. Mama Kabula naye alifurahi nilipomsimulia, akachinja kuku, na jioni akatoa lile kopo mtungini kabla hata ya kuandaa sahani, akaliweka mbele ya mumewe. Daktari akalisogeza pembeni kwa ncha ya kidole.

"Dawa ya mizizi nimeacha," alisema. "Hata hii ya nini?"

"Ya kukuponya, Baba Kabula. Uliacha sindano kwa sababu panya walisema mizizi inafaa. Sasa wamesema haifai. Rudi."

"Panya hawakuulizwa habari za mizizi wala za sindano." Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Waliulizwa habari zangu. Na wote mmewaona."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nalikumbuka tonge lile kuliko vyakula vyote nilivyokula mwaka ule, kwa sababu sikuweza kulipeleka kinywani wala kulirudisha. Nilimkasirikia. Nataka ieleweke kwamba niliyempenda kama baba nilimkasirikia kwelikweli. Nilikwenda Ndala kumwona Nkwimba, nikitegemea kumgombeza, lakini aliposikia alishika kichwa. Alisema hakuna nfumu mwenye akili anayemwacha mtu na kifaranga mmoja. Wa kwanza akitoka mweusi, unamuuliza wa pili njia ya kutokea ni ipi. Ndivyo ilivyo siku zote. Jibu jeusi ni mwanzo wa kutafuta, si hukumu. Alikuja mwenyewe nyumbani akamweleza Daktari maneno hayo, kwa Kisukuma cha taratibu, akamwambia wapo panya wa sindano ambao hawajafunguliwa, tema mate tena tuwaulize hao. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajikusanya kitini na kusema kwa Kiswahili safi cha ofisini, "Mama, mimi ni mtu wa sayansi. Siwezi kutema mate mbele ya watu kwa mara ya pili." Nkwimba aligeuka akanitazama mimi na Mama Kabula.

Alianguka asubuhi, pale maabara, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha wanyama. Pumzi yake ilinuka kama mananasi yaliyoanza kuchacha. Kila mtu wa fani yetu anaijua harufu hiyo ya sukari iliyopanda kupita kiasi, na anajua baada yake kuna nini. Tulimpakia kwenye Landrova mpaka hospitali, wakamlaza, na alipozinduka akamkuta muuguzi amesimama na dripu na sindano. Aliuvuta mkono wake akauingiza chini ya shuka. Muuguzi akambembeleza, "Mzee, naomba mkono." Akatikisa kichwa. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, lakini fahamu zilikuwepo na ukaidi ulikuwepo. Daktari wa zamu alitutoa nje akasema hawezi kumfunga kamba daktari mwenzake akiwa na akili zake. Akizama kabisa watamdunga tu, lakini kwa hali aliyoiona, huenda wakati huo wakawa wamechelewa.

Mama Kabula alisimama kwenye veranda ya wodi, kanga imemteleza begani, na hakuirudisha. Alikuwa mwanamke wa swala tano. Jina la Nkwimba hakuwahi kulitamka, alikuwa akisema "yule mtu wenu". Akaniambia, "Niitie yule mama."

Tulikutana maabara, sisi watatu tu. Nilimtoa panya mmoja kwenye safu ya sindano. Nkwimba akaandaa kijiti, lakini kabla ya kumpa, Mama Kabula akamuuliza, "Nikitema mimi kwa ajili yake, jibu linakuwa la nani?"

"Linakuwa la kwenu wote wawili," akasema Nkwimba, "ila mate ni yako. Likiwa jeusi litapita kwako kwanza. Siwezi kukudanganya."

Mama Kabula akavua viatu, sijui kwa nini, akasimama peku kwenye sakafu ile ya chumvi. Akajaribu kutema, kinywa kikawa kikavu. Nikageuka kumletea maji, Nkwimba akanizuia kwa mkono, akisema mate yawe ya kwake mwenyewe. Tukasubiri. Mdomo wake ulikuwa ukicheza bila sauti, nami nikadhani anasoma dua. Miaka baadaye aliniambia hakusoma kitu, aliona haya kumtaja Mungu mahali pale. Mwishowe yalipatikana mate kidogo, akayatema, na uso wake ukawa wa mtu aliyesaini kitu ambacho hakuruhusiwa kukisoma. Kijiti kikagusishwa mdomoni mwa panya. Nilimlaza panya, nikampasua, na nakiri kwamba mimi, mwenye cheti changu ukutani, nilifumba macho kabla ya kutazama. Ini lilikuwa jekundu lililokolea, laini, linang'aa. Nililigeuza upande wa pili. Halikuwa na doa. Nkwimba alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Jeupe," akaketi kwenye kiti cha karibu kama mtu aliyetua mzigo.

Tulirudi wodini tukamkuta amebadilika hata kwa muda ule mfupi. Alikuwa akipumua kwa nguvu, kifua chote kikifanya kazi. Niliinama sikioni kwake nikamwambia tumefungua panya wa sindano.

"Ini?" akauliza.

"Safi, Daktari. Halina doa, mbele wala nyuma."

Akafumba macho. Nilidhani amezama. Kisha akafumbua macho. "Mate ya nani?"

"Yangu," akasema Mama Kabula.

Aligeuza kichwa kumtazama, na kazi ile ya kugeuza kichwa ilimchukua nguvu nyingi. Alimtazama mkewe kuanzia usoni mpaka kwenye miguu yake, ambayo ilikuwa bado peku na nyeupe kwa chumvi. Sijapata kumwona mwanamume akimtazama mtu hivyo, kwa hofu na aibu na mapenzi, vyote vikiwa vimekosa pa kukaa. Alipoongea hakuongea naye, aliongea nami, kwa sauti yake ya kazini, au kilichobaki cha sauti hiyo.

"Panya mmoja hathibitishi kitu, Minza."

"Ndiyo, Daktari."

"Hata mwanafunzi anajua."

"Anajua, Daktari."

Akautoa mkono chini ya shuka, akaunyoosha kwa muuguzi. Niligeuka kumwambia Mama Kabula, lakini hakuwepo tena. Nilimwona kupitia dirishani, uani, ameinama kwenye bomba la hospitali, anasukutua kinywa, anatema, anasukutua tena, huku adhana ya adhuhuri ikimwita.